Uso wa Mpita Njia

Kamera ikielekezwa kwa watu wanaotoka msikitini Kondoa, swali la kwanza huwa la kale: je, picha ya kiumbe ni halali? Wanazuoni wamelijadili sana, na wengi wa leo hutofautisha kuchora kwa mkono na kupiga picha. Kwangu mimi, jambo la kuhukumiwa hapa ni idhini. Surat an-Nur inamtaka Mwislamu aombe ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yake. Aliyekatazwa kuvamia mlango atavamiaje uso?

Mpiga picha atajibu kwamba barabara ni ya wote. Kweli, lakini jicho husahau na picha haisahau: mama muuza ulezi aliyekunja uso kwa jua atazungushwa kwenye simu za watu asiowajua, chini ya maneno asiyoyaandika. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi ya mtu na faragha yake, wala haisemi ukomo wake ni kizingiti cha nyumba. Hoja nzito zaidi ni ya wasanii: ukiomba, mtu hujipanga, ukweli ukapotea. Sikubali. Kuvuta mtandio, kukaza midomo, kugoma kucheka, nako ni ukweli, tena anaoutoa mwenyewe. Michoro ya miambani ya Kolo, huko huko Kondoa, iliyo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, ina watu warefu, wembamba, wasiotambulika kwa sura, na usanii wake haukupungua. Kiongozi jukwaani ni habari nyingine. Huyo kapanda ili aonekane.