Kiasi cha Kukumbuka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, ila hawakutuambia daftari liandikwe kwa kiasi gani. Mimi ninayetunza mitambo ya mtandao hukutana na swali hilo kila ninapofunga ruta mpya, na kadiri miaka inavyopita naona kuwa si swali la ufundi peke yake.

Ruta ni lango. Kila kinachoingia na kutoka hupita hapo, na faili lake la kumbukumbu ni kama kitabu cha mlinzi wa getini. Utaratibu uitwao syslog, alioubuni Eric Allman huko Marekani katika miaka ya 1980, hupanga habari hizo katika viwango 8, kuanzia 0 hadi 7. Kiwango cha 0 ni cha hatari kuu: mtambo hautumiki tena. Cha 3 ni cha makosa, cha 4 ni cha maonyo, na cha 7 ni cha kila jambo dogo linalomsaidia fundi kutafuta hitilafu. Ukichagua 4, yataandikwa ya 0 hadi 4. Mengine yatapita kimya. Kuchagua kiwango, basi, ni kuamua mapema nini kisahaulike.

Anayeogopa lawama huchagua 7. Mtambo huelemewa, nafasi hujaa, na maandishi mapya hufuta ya zamani. Mtaka yote hukosa yote. Tena, kuandika si kuangalia. Mwaka 2013 wezi waliiba habari za kadi za benki zipatazo milioni 40 za wateja wa maduka ya Target, Marekani. Mitambo ya ulinzi ilikuwa imetoa tahadhari, lakini hazikushughulikiwa kwa wakati.

Anayeandika kidogo mno naye huwanyima watu shahidi. Siku ya wizi, karani asiye na hatia hushukiwa, na mstari mmoja ambao ungemtetea haupo.

Lakini yuko mtu wa tatu tunayemsahau: mpita njia. Kumbukumbu pana huonyesha nani alitembelea anwani ipi, saa ngapi. Pengine alikuwa akitafuta habari za ugonjwa wake. Hakuiba kitu. Kwa haki gani tumweke kitabuni?

Mimi nimeshika kanuni hii: niandike kile ambacho yuko mtu wa kukisoma, na ambacho naweza kumweleza aliyeandikwa bila kuinamisha macho. Kiwango cha 7 nikiwashe kwa hitilafu maalumu, kisha nikizime. Saa ya ruta iwe sahihi, maana ushahidi usio na wakati ni uvumi. Nakala itunzwe katika mashine nyingine, kwa kuwa mvamizi hufuta nyayo zake. Na muda wa kuhifadhi ukiisha, tufute.

Mtambo hauna huruma wala aibu. Hivyo viwili lazima awe navyo anayeuwekea kiwango.