JE, TUNGOJE MPAKA MTU AANGUKE?



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri moja ambayo wengi wetu huipita upesi tunaposoma. Mtu anayejenga nyumba mpya ameagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari lake, nyumba isije ikapata hatia ya damu ya mtu aliyeanguka. Watu wa zamani zile walikaa na kuongea juu ya madari yao. Angalieni jinsi amri ilivyo. Haisemi mwenye nyumba angoje mtu aanguke kwanza, wala haimwachii mgeni ajitazame mwenyewe. Ukingo hutangulia, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Jambo hili latufaa katika swali la siku hizi: Je, Serikali ina haki ya kumzuia mtu asitengeneze wala kuuza kemikali za sumu, kabla madhara yake hayajathibitishwa kabisa? Wako wasemao kuwa huko ni kuingilia uhuru na kuharibu biashara. Sisi tuliokaa miaka mingi darasani tumezoea kulipima neno kwa mfano. Basi na tutwae mfano wa petroli.

Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye madini ya risasi, injini huacha kugonga. Kwamba risasi ni sumu lilijulikana tangu kale. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza dawa hiyo, wafanyakazi 5 walikufa, na wenzao wengi waliugua, wengine wakirukwa na akili. Mei 1925 Serikali iliita mkutano. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, mjuzi wa magonjwa ya viwandani, aliipinga dawa ile. Mjumbe wa kampuni iliyoiuza aliisifu kana kwamba ni zawadi ya Mungu. Mwaka uliofuata kamati ilisema haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, ila uchunguzi uendelee. Nao uchunguzi, kwa miaka mingi, ukaachwa zaidi mikononi mwa watu waliolipwa na wenye viwanda.

Hapo ndipo mambo yalipopotoka. Aliyetia sumu hewani hakutakiwa kuonyesha kuwa haidhuru. Avutaye hewa ndiye aliyetakiwa kuonyesha kuwa ameumia. Na aliyeumia zaidi ni nani? Ni mtoto mdogo. Risasi humwingia kwa pumzi na kwa vumbi la mikononi, ikaudhoofisha ubongo wake. Mtoto hawezi kushtaki kwamba akili yake imepunguzwa. Shuleni ataitwa mzito, au mvivu, na hakuna atakayeuliza juu ya moshi wa barabarani.

Marekani ilianza kuipunguza risasi hiyo katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 ikaikataza kabisa katika magari ya barabarani. Risasi katika damu ya watu wake ilishuka kwa zaidi ya robo tatu kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia jambo hilo huko Dakar mwaka 2001, zikalitimiza mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Hesabuni wenyewe miaka tangu ule mkutano wa 1925.

Mtu atauliza: Je, dhamiri njema haitoshi? Dhamiri hutuongoza vema tunapomwona yule tunayemwumiza. Lakini dereva hakumwona mtoto aliyedhurika, na hata angemwona, petroli nyingine haikuwapo pale kituoni. Palipo na madhara yasiyoonekana, yaliyotawanyika kwa watu wengi, sharti dhamiri zetu zikusanywe pamoja ziwe sheria.

Mwingine atasema sheria huongeza bei. Ni kweli. Lakini pasipo sheria gharama haiondoki. Huhamia nyumbani kwa jirani, nayo hulipwa kwa afya.

Wala hatusemi kila sumu ipigwe marufuku. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana DDT duniani, lakini ukaruhusu itumike kupigana na mbu wa malaria. Huko ndiko kupima kwa haki.

Tena sheria iliyo kwenye karatasi tu si ukingo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wanakijiji kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na sehemu ya lawama ikaviangukia vyombo vya Serikali vyenyewe. Baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo mwaka 2024. Fedha ni haki yao, lakini haiwarudishii watoto walichopoteza.

Basi, ndugu, tusiwaone wakaguzi kuwa wasumbufu, bali tuwadai watimize kazi yao. Nasi tuanze kwetu: tuulize dukani kama rangi tunayopaka nyumba ina risasi, na dawa ya shamba tusiitie kamwe katika chupa ya soda. Kila mmoja wetu analo dari lake.