Mapambo ya Begani
(Soma Kutoka 28:9–12)

Tukitaka kujua cheo cha afisa wa jeshi, twatazama mabega yake. Katika jeshi la Tanzania luteni ana nyota mbili, kapteni ana tatu, na wa mbili hulitii neno la wa tatu. Zamani huko Ulaya maafisa walivaa begani vishada vizito vya nyuzi za dhahabu. Jeshi la Uingereza liliviacha mwaka 1855, alama za cheo zikahamia kwenye kola, lakini baadaye zikarudi begani.

Wako na viumbe wa mwituni waliopewa na wataalamu jina la pambo hilo. Popo mmoja wa matunda, aonekanaye toka Kenya hata Afrika ya Kusini, aitwa kwa jina la Wahlberg, Mswidi aliyeuawa na ndovu mwaka 1856. Dume lake lina nywele nyeupe begani. Likinyamaza, huzificha katika mfuko wa ngozi. Bali usiku likimwita jike, huzitoa zikachanua kama ua. Tena yuko ndege mweusi wa Amerika ya Kaskazini, ambaye dume lake lina mabega mekundu. Wataalamu waliyapaka rangi nyeusi, wakatangaza habari zake mwaka 1972: wengi wa madume hao walinyang'anywa makao yao na wenzao. Sauti ilikuwapo, mabawa yalikuwapo. Wekundu tu ulifunikwa, na heshima ikaondoka! Simcheki ndege, maana ndivyo alivyoumbwa. Lakini mzee wa kanisa akikasirika wiki nzima kwa kuwa hakupewa kiti cha mbele, nimwambieje?

Basi tumtazame Haruni. Naye alivaa pambo begani, tena la thamani: vito viwili vya shohamu vilivyozungushiwa dhahabu. Lakini hakikuchorwa humo cheo chake. Yalichorwa majina ya wana wa Israeli, sita juu ya jiwe hili na sita juu ya jiwe lile, kwa taratibu ya kuzaliwa kwao. Iangalieni taratibu hiyo: wa kwanza ni Reubeni, aliyekitia unajisi kitanda cha baba yake, wanaofuata ni Simeoni na Lawi, watu wa upanga wa Shekemu. Hakufutwa hata mmoja. Haruni alipoingia mbele za Bwana, aliwachukua wote.

Nawe mwalimu usiye na nyota, Jumapili iliyopita uliingia kanisani na majina gani begani? Alikuwamo yule aliyetengwa na meza ya Bwana? Alikuwamo mjane akaaye ng'ambo ya mto, asiyeweza tena kutembea?