Bunduki Nyumbani mwa Mkristo

Somo: Kumbukumbu la Torati (5 Mose) 22:8

Mwalimu mmoja wa mtaa ulio kando ya pori ametuletea barua. Asema kwamba mzee mmoja wa kanisa amepata leseni ya bunduki. Shamba lake lapakana na msitu, na kila mwaka nguruwe humaliza mahindi yake kabla hayajakomaa. Tena wezi wa ng'ombe wamepita kijijini mara mbili. Sasa washarika wamegawanyika. Wengine wanena kwamba mtu mwenye bunduki hafai kushika chombo cha sadaka. Wengine wamemwendea mchungaji wakitaka aibariki bunduki ile, isikose shabaha. Mwalimu auliza, "Tuwajibu nini watu hawa?"

Twajua ya kuwa swali hili si la mtaa mmoja tu. Kwa hiyo twalijibu hapa, wapate kusoma wote, na walimu wapate neno la kuwaambia watu wao.

Musa aliwaamuru Waisraeli ya kwamba mtu akijenga nyumba mpya, sharti azungushe ukuta kando ya dari lake, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari lililo sawa kama sakafu. Watu walipanda huko jioni kupunga upepo; Rahabu alianika kitani huko; na Petro alipokuwa Yafa alipanda darini kuomba. Basi Mungu hakuwakataza watu wake kuwa na dari. Aliwaamuru wajenge ukuta. Tena angalieni mambo mawili. Kwanza, ukuta hujengwa kabla mtu hajaanguka. Baada ya msiba haumfai aliyekufa. Pili, aulizwaye habari ya damu ni mwenye nyumba, hata kama aliyeanguka alipanda kwa miguu yake mwenyewe.

Hii ndiyo Amri ya Tano katika maisha ya kila siku. Dakta Martin Luther, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alitufundisha kwamba amri hii haitimizwi kwa kutoua peke yake. Yatupasa pia kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Mwenye bunduki amejenga dari refu sana. Na tumwulize: Ukuta wako uko wapi?

Watu hutaka bunduki kwa sababu tatu: kuwinda, kulenga shabaha kwa mchezo, na kujilinda. Tuzitazame moja moja.

Habari ya kuwinda, Isaka alipenda nyama ya mawindo, na Maandiko hayamlaumu Esau kwa ajili ya upinde wake. Kilichomwangusha ni tumbo lake, alipouza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Lakini katika sura ile ile ya somo letu, aya mbili kabla ya habari ya ukuta, Mungu anena juu ya kiota cha ndege: mtu akikikuta, asimchukue mama pamoja na makinda. Basi mwindaji amewekewa mpaka. Ni halali kula. Si halali kumaliza. Sisi tumeona mpaka huu ukivukwa. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kuwa karibu 109,000. Mwaka 2014 walionekana karibu 43,000 tu. Katika miaka mitano zaidi ya nusu walipotea, na wengi wao waliuawa kwa ajili ya pembe. Serikali zimeweka sheria zisizofanana: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni. Mkristo na aitii sheria ya nchi aliyomo, kama Paulo awaandikiavyo Warumi. Tena asijidanganye yeye anunuaye nyama ya magendo usiku kwa bei ndogo, akisema, "Mimi sikupiga risasi." Yeye alaye pamoja na mwindaji haramu ameshiriki kazi yake.

Habari ya mchezo, hatuoni dhambi katika kulenga shabaha. Mashindano ya namna hii yalikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, nayo humfundisha mtu utulivu wa mkono, macho na pumzi. Wenye mchezo huu wana kanuni zao, nasi twapenda kila mwenye bunduki azijue: kila bunduki uihesabu kuwa imeshindiliwa, hata kama umehakikisha kuwa ni tupu, mtutu usielekee mtu kamwe, hata kwa mzaha, kidole kisiguse mtambo mpaka jicho limekwisha kuona shabaha, tena ujue kilichoko nyuma ya shabaha hiyo. Je, kanuni hizi si ukuta wa dari? Bali yule aendaye arusini na silaha kiunoni ili watu waione, na yule apigaye risasi hewani kwa furaha, hao hawachezi mchezo wowote. Risasi iliyopanda haina budi kushuka, wala mpigaji hajui itamshukia mtoto wa nani.

Sasa tufike kwenye jambo zito, yaani kujilinda. Katika Kutoka (2 Mose) 22:2-3 imeandikwa habari ya mwivi avunjaye nyumba. Akipigwa usiku hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekucha, hatia iko. Kwa nini? Usiku mwenye nyumba haoni aliyeingia ni nani wala amekuja kufanya nini; huenda amekuja kuua. Mchana aona ya kuwa ni mwivi tu, naye aweza kupiga kelele na kuita majirani. Basi Mungu amruhusu mtu kulinda uhai wa watu wa nyumbani mwake. Lakini hamruhusu kuthamini ng'ombe kuliko mwivi wa ng'ombe. Mwivi naye ana roho, na Bwana wetu alimfungulia mmoja wao mlango wa Paradiso.

Mmoja wetu tuandikao alimzika kijana wa miaka 16. Kijana huyu alitoka mazoezi ya kwaya usiku, akapita njia ya mkato katika shamba la baba yake mdogo. Yule baba alikuwa amekesha katika dungu siku tatu akilinda mahindi. Akasikia mabua yakivunjika, akalenga ile sauti, akapiga. Gobore lake lilikuwa na leseni halali. Mwenyewe hakuwa mlevi wala mgomvi. Tulipofika kumfariji alikuwa ameketi nje, naye alisema neno moja tu, "Nilidhani ni nguruwe." Tukakaa kimya. Kisha akasema, "Ningeuliza tu, Nani?"

Miaka mitatu mtu huyu hakuja kwenye Meza ya Bwana. Aliyemleta ni kaka yake, baba wa marehemu. Alikwenda nyumbani kwake Jumapili asubuhi, akamshika mkono, wakaja pamoja, wakapiga magoti pamoja. Mungu aliweka miji ya makimbilio kwa ajili ya mtu ambaye shoka lake lilichomoka katika mpini likamwua mwenziwe, naye hakumchukia tangu zamani. Usharika wa Kristo sharti uwe mji wa namna hiyo. Hata hivyo, ndugu, yule kijana hakurudi. Neno moja, "Nani?", ndilo lililokuwa ukuta, nalo halikusemwa.

Tena kuna hatari ambayo mwenye bunduki haifikirii, maana macho yake yatazama mlangoni tu. Tuitazame Marekani, nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nchi zote. Haki ya kuwa na silaha imo katika katiba yao tangu mwaka 1791. Wachunguzi walikadiria kwamba mwisho wa mwaka 2017 raia wa nchi ile walikuwa na bunduki milioni 393, yaani zaidi ya hesabu ya watu wenyewe. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa huko kwa risasi. Je, wote waliuawa na wezi na maadui? Sivyo. Zaidi ya nusu walijiua kwa mikono yao wenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mgeni wa usiku ilimngoja mwenye nyumba katika siku yake ya huzuni.

Eliya naye aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakupewa alichokiomba, alipata usingizi, na malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, na baada ya siku nyingi akasikia sauti ndogo ya Mungu. Saa ya giza hupita, lakini risasi haiingoji ipite. Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee: mkimtembelea mtu aliyefiwa, au mwenye deni kubwa, au aliyezama katika pombe, au mume na mke wanaogombana, nanyi mwajua kuwa kuna bunduki katika nyumba ile, msione haya kuitaja. Mwombeni kwa upole aikabidhi polisi mpaka moyo wake utulie. Neno hilo laweza kuokoa mtu au nyumba nzima.

Imebaki habari ya kubariki. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipoanza katika nchi ya kusini, watu wengi walinyunyiziwa maji ya dawa, wakiamini kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Wakaiendea mitutu kwa imani hiyo, wakafa. Sisi hatuwacheki; walikuwa wazee wetu, tena walidhulumiwa. Lakini mtu asiyeweza kulala mpaka ameweka chuma chini ya mto ana imani ya namna ile ile. Ila wao walitumaini maji yazuie risasi, naye atumaini risasi izuie mauti. Luther afundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekitegemea, hicho ndicho mungu wake. Basi mchungaji asiiwekee mikono bunduki isikose shabaha, maana hiyo ni hirizi. Na amwombee mwenye bunduki, kwamba asipige asichokiona, na kwamba siku zake ziishe asipate kamwe kumpiga mtu.

Tumkumbuke Bwana wetu katika Gethsemane. Wanafunzi walikuwa na panga mbili. Petro alichomoa wake, akamkata sikio Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu. Maadui walikuwa wamekuja usiku, nao walikuwa wengi wenye silaha. Ikiwa kulikuwa na saa ya kujitetea, ndiyo ile. Lakini Yesu alimzuia Petro, akaligusa lile sikio akaliponya. Basi mwujiza wa mwisho alioufanya kabla ya kufungwa ulikuwa kuponya jeraha la silaha ya rafiki yake. Sisi hatuwezi kurudisha sikio. Kwa sababu hiyo yatupasa kuogopa zaidi kulikata.

Haya ndiyo majibu yetu kwa mwalimu. Mzee yule asiondolewe katika huduma yake kwa sababu ya leseni. Lakini mchungaji na amwendee, aketi naye na mkewe pamoja, amwulize maneno haya: Bunduki yakaa wapi, na risasi zakaa wapi? Na zikae mbalimbali, chini ya kufuli, funguo mkononi mwake, watoto wasizijue. Je, mkewe anaiogopa bunduki hii? Kama imewahi kutajwa katika ugomvi wa nyumbani, na itoke siku hiyo hiyo. Je, yeye hunywa? Bunduki na pombe havikai katika nyumba moja. Je, ataweza kungoja mpaka aone kwa macho na kuuliza kwa kinywa?

Akiona ya kuwa hawezi, na airudishe kwa wenye mamlaka bila aibu. Liko dungu, liko boma la miiba, wako mbwa na ngoma, na majirani wa kupokezana zamu. Wakulima wa Kenya na Tanzania wamewarudisha hata tembo kwa kamba zilizopakwa oili na pilipili, na kwa mizinga ya nyuki iliyopangwa kando ya shamba. Mahindi yaliyoliwa msimu huu hupandwa tena msimu ujao.

Nanyi msomao, kila mmoja na apande juu ya dari lake leo kabla jua halijachwa, atazame ukuta ulipo na ulipobomoka. Nabii Isaya aliona siku ambapo watu watafua panga zao ziwe majembe. Mpaka ifike siku ile, Bwana mwenyewe na ailinde nyumba, maana asipoilinda yeye, akeshaye na bunduki yake akesha bure. Amin.