Thamani ya Wimbo Usiojulikana

Jioni ya nyimbo mjini Isiolo, ambako watunzi wa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu na Kisomali wanaweza kupokezana jukwaa moja bila hata mmoja wao kujulikana jijini Nairobi, huzua swali linalowahusu wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa pamoja: je, wimbo una thamani kwa nafsi yake, au thamani hiyo huletwa na wingi wa wanaousikiliza?

Wafugaji wa eneo hilo kame wamelijibu swali hilo kwa vitendo tangu zamani. Katika visima virefu vya Waborana, na katika vile ambavyo Wasamburu huvichimba kwenye mchanga wa mito iliyokauka, vijana husimama mmoja juu ya mwenzake kuanzia majini hadi ukingoni wakipokezana ndoo, na wimbo ndio unaopanga mwendo wa mikono, hata anayeukosea hukosea ndoo na maji yakamwagika. Ng'ombe, ambao wenyewe husema huitambua sauti ya mchungaji wao, husogea kunywa. Hakuna anayepiga makofi, na hakuna mfugaji anayeuona wimbo huo kuwa duni kwa sababu hiyo.

Uislamu, ulioenea miongoni mwa Waborana wa Isiolo katika karne ya 20, hutofautisha ikhlasi, yaani kutenda jambo kwa ajili ya Mungu peke yake, na riya, yaani kutenda ili watu waone. Kwa kipimo hicho mtunzi asiye na umaarufu huonekana kuwa karibu zaidi na ikhlasi, lakini hoja hiyo ina hatari kubwa, kwa kuwa humfanya anayepuuzwa aambiwe ashukuru kwa kupuuzwa, ilhali aliyemnyima sikio hawezi kujitetea kwa usafi wa nia ya mwenzake. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima cha adabu za samai, yaani usikilizaji wa nyimbo na mashairi, akishikilia kwamba sauti haitii moyoni kisichokuwamo bali hukitikisa kilichomo. Wapo wanazuoni waliompinga, na Lamu nako ulizuka ubishi pale mwanazuoni Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, alipoingiza matari katika Maulidi. Hata hivyo, hoja ya al-Ghazali ina nguvu hapa, kwa sababu inamtwika msikilizaji sehemu ya mzigo wa kuupa wimbo thamani.

Mzigo huo ni mzito Isiolo. Vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwapotezea Waborana wa huko mifugo na kuwafungia kambini, na kumbukumbu ya miaka hiyo, wanayoiita Gaafa Dhaabaa, imekaa vinywani mwa wazee kuliko katika vitabu vya shule. Mtunzi anayeyaimba hayo asiposikilizwa, kinachopotea ni ushahidi, wala si burudani tu. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuzifidia jamii pale utamaduni wao unapotumiwa, lakini sheria haiwezi kumketisha mtu asikilize.

Wanaoandaa jioni kama hizo na waache kumpandisha mwimbaji wa Kiborana au wa Kiturkana jukwaani wakati viti bado vitupu. Wampe saa ambayo watu wamejaa, wamtafutie mkalimani wa kueleza maneno yake, na wamlipe usiku uo huo.