Je, Desturi Huvuka Mpaka?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti si ajabu mume na mke kufunga mizigo na kuhamia nchi nyingine. Wengi huvuka Sirari wakakaa Isebania au Migori, ama wakaendelea hata Nairobi. Wengine huenda ng'ambo ya bahari. Siku ya kuagana husemwa maneno mengi. Sisi twauliza habari za siku zifuatazo: maji, chakula, kodi ya chumba, mtoto aliaye usiku. Je, desturi ya nyumbani huvuka mpaka pamoja nao?

Labda mtu atasema, "Kenya si ugeni, Wakuria wako pande zote mbili." Ni kweli. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari utokao Kilimanjaro hata Ziwa Nyanza, nao ukaikata nchi yao vipande viwili. Walakini mstari ule una nguvu. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka, wala haukufunguliwa hata Novemba 1983. Tangu 2010 mapatano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamewarahisishia watu kutafuta kazi upande wa pili. Lakini fedha ni nyingine, sheria ni nyingine, na masomo ya watoto ni mengine. Hata aliyehama mwendo mfupi aweza kuwa mgeni kweli.

Basi huko ugenini mume humwambia mkewe, "Kwetu kupika na kulea ni kazi ya mwanamke," hali mke naye ametoka alfajiri kwenda kuuza sokoni. Maneno haya ni nusu tu ya desturi. Nyumbani mke hakuachwa peke yake: mama mkwe alimpokea mtoto, na jirani walipalilia pamoja naye. Mume naye alikuwa na sehemu yake: kuwatunza ng'ombe, kujenga nyumba na zizi, kuulinda mji. Wakigombana, wazee waliwasikiliza, na neno kubwa lilifika ritongo, baraza la watu. Sasa ng'ombe wamebaki, zizi limebaki, wazee wamebaki. Mzigo wa mume umepungua, na wa mke umeongezeka. Kuidai nusu moja ya desturi, na nusu ya pili imeachwa nyuma, si haki.

Wako wajibuo kwamba aachaye desturi hupotea, na watoto wake hawatajua kwao. Neno hili si la kudharauliwa. Lugha, heshima kwa wakubwa, na kuwakumbuka wazazi wa pande zote mbili kwa msaada, hayo yashikwe sana. Lakini mgawanyo wa kazi ulikuwa tawi tu. Shina lake lilikuwa kusaidiana. Mume ashikaye ufagio ili mkewe apumzike hakuiacha desturi ya baba zake. Ameishika penye shina. Na mke naye amtunzie mumewe heshima, kwa maana amepoteza baraza la rika lake, na upweke wake hausemi.

Kwa hiyo, ninyi mnaowafundisha vijana kabla ya ndoa, msiwaulize juu ya safari tu. Waulizeni hivi: Mtakapokuwa wawili tu katika nchi ya watu, nani atakuwa mama mkwe, nani jirani, na nani mzee wa kuwapatanisha?