Deni la Mono

Kuna sentensi moja ambayo kila Mkenya aliyesoma shule ya bweni ameisikia: "Hata sisi tulipitia." Inasemwa kwenye matatu, kwenye harusi, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu waliomaliza pamoja. Mzazi akilalamika kwamba mtoto wake anaamshwa saa nane usiku kufua soksi za mkubwa wake, lazima atokee mtu wa kuisema. Ikishasemwa, mjadala umeisha. Watu wanacheka na kuanza kusimuliana ya kwao.

Nataka tukae na hiyo sentensi kidogo. Naona ndiyo inayoweka hai uonevu shuleni kuliko mkubwa yeyote mkatili. Na sidhani wanaoisema ni watu wabaya. Wengi wao ni watu waliowahi kuumizwa.

Kwa wale mliosoma shule za kutwa, niwaeleze. Mono ni mwanafunzi mgeni, aliyefika juzi na sanduku lake la chuma na godoro jipya. Mono ana kazi zake. Anachota maji ya mkubwa, anamtandikia kitanda, anatoa nusu ya mkate. Anaambiwa apime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, au aingie chini ya kitanda aendeshe gari na kupiga honi. Ukisimulia mambo haya miaka kumi baadaye, yanachekesha. Ukiwa na miaka 14, taa zimezimwa, watu themanini wanakutazama na hujui mzaha utaisha saa ngapi, hayachekeshi hata kidogo. Halafu kuna yale ambayo hata baadaye hayasimuliwi: kupigwa kwa waya, kupigwa hadi mtu analazwa, na mengine ambayo mtu huyabeba peke yake.

Mwaka huu jambo hili limenifikia nyumbani. Wengi wenu mnajua hesabu yenyewe. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia shuleni Januari 2024. Januari 2025 shule za upili hazikupokea mgeni, kwa sababu watoto wa mtaala mpya walikuwa bado kwenye sekondari msingi, Gredi ya 9. Januari 2026 ndipo Gredi ya 10 ilipoingia. Mmoja wao ni mtoto wa anti yangu. Wiki moja kabla ya kufungua, anti alinipigia simu.

"Wewe si ulilala shuleni miaka minne? Ongea na ndugu yako. Mwambie avumilie. Hata wewe si ulivumilia?"

Nikamwambia, "Sawa, anti." Mtu hambishii anti kwa simu. Lakini nilikaa na ile simu mkononi nikijiuliza, navumilia kwa niaba ya nani? Na huo uvumilivu, mtu akiumaliza, anapewa nini?

Jibu analijua kila mtu aliyekuwa bwenini: anapewa mono wake. Huo ndio mkataba. Mwaka wa kwanza unateswa, mwaka wa pili unapumua, mwaka wa tatu unatesa. Haujaandikwa popote, na ndio mkataba unaoheshimiwa zaidi shuleni. Mtu anayeutekeleza hajioni kama mkatili. Anajiona kama mtu anayedai haki yake. Alichukuliwa usingizi, mkate na heshima. Sasa anataka virudi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini ni nani anayelipa? Aliyekula mkate wako ameshamaliza shule. Leo yuko Nairobi, ana kazi na kitambi kidogo, na kwenye grupu ni yeye anayetuma salamu za Krismasi. Huwezi kumfikia. Kwa hiyo unamwendea mtoto wa miaka 14 ambaye siku ile unaumizwa alikuwa darasa la saba, hajui hata jina lako, na unamwambia alipe. Hakuna duka mtaani linaloendeshwa hivyo. Mama mboga hawezi kukudai sukuma iliyokopwa na jirani aliyehama. Tungemwona amechanganyikiwa. Bweni zima likifanya hivyo, tunasema ni utamaduni wa shule.

Hapa ndipo watetezi wanapobadilisha wimbo na kusema, "Ilitujenga." Tuliingia laini, tukatoka wagumu.

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wanaoisema hawadanganyi. Wapo watu waliotoka kwenye ile taabu na kitu fulani. Lakini angalia ni nani anayezungumza. Kwenye grupu letu kuna watu ambao hawamo. Darasa letu lilikuwa na wawili waliohamishwa kabla muhula wa pili haujaisha. Mmoja alirudi shule ya kutwa karibu na kwao. Hakuna aliyewahi kumtafuta amuulize kama alijengwa. Tunawahesabu waliobaki, halafu tunashangaa kwamba wote walibaki.

Na hata tukikubali kwamba ilimjenga mtu, swali bado lipo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana, na kuna mjomba aliyeniambia nimekosa uvumilivu. Mjomba, nilivumilia mwaka mzima wa kuamshwa usiku. Kama mateso yanajenga, leo ningekuwa profesa. Kilichonisaidia maishani ni vitu vya kawaida: mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyenipa vitabu vyake, na marafiki wawili waliogawana nami chai. Mtu anaweza kujifunza jambo la maana kwa sababu alivunjika mguu. Hiyo haimpi ruhusa ya kumvunja mwingine mguu ili naye ajifunze.

Basi tumalizane hapo, tuseme wakubwa waache? Hapana. Nikiwa kidato cha pili niliona jambo moja ambalo ushauri wetu wote huwa unaliruka. Wageni walipofika, mimi sikumtuma mtu. Msinipe sifa. Mdogo wangu alikuwa anakuja shule hiyohiyo mwaka uliofuata, na kila mono niliyemwona alikuwa na masikio ya mdogo wangu. Lakini wenzangu ambao hawakuwa na mdogo anayekuja walikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa cha kweli: walikuwa wanadai. Hakuna aliyewahi kuwaambia, "Mlichofanyiwa kilikuwa kibaya, na ni sisi tulioacha kifanyike." Miezi kumi na miwili walikuwa wamesubiri mtu aseme hivyo, hata bila kujua kwamba wanasubiri.

Kwa hiyo naamini deni lipo. Tumekosea tu mdaiwa. Siku ya kwanza mzazi alileta karo, sanduku na mtoto. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya wazazi akasema, "Sasa huyu ni wetu." Pale pale shule ilichukua nafasi ya mzazi. Mtoto akipigwa usiku bwenini, mdaiwa wa kwanza ni shule.

Na shule haiko mbali na jambo hili kama inavyojifanya. Fikiria bweni la watoto themanini na mwalimu wa zamu anayelala nyumbani kwake upande wa pili wa uwanja. Nani anaweka utulivu usiku? Wakubwa na viranja. Na wanalipwa nini kwa kazi hiyo? Wanalipwa mono. Ni mshahara usiopita kwa bursa. Mpango huu ni wa zamani kuliko babu zetu wengi: wadogo kuwatumikia wakubwa ilikuwa desturi ya shule za bweni za Uingereza, na shule zetu za kwanza kubwa zilijengwa kwa kutazama hizo. Alliance ilianza 1926. Shule tunayoiita leo Nairobi School ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya watoto wa walowezi, ikaitwa Prince of Wales. Wakoloni walienda, viranja wakabaki.

Mpango huo unawaumiza hata wale unaowapa mamlaka. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne walikokuwa wamelala, wakamwaga petroli na kuwasha moto. Wote wanne walikufa. Walikuwa watoto waliopewa kazi ya kuwatawala watoto, wakati watu wazima wamelala. Mwaka 2017, Alliance yenyewe ikawa kwenye vichwa vya habari kwa sababu ya wakubwa kuwatesa wadogo. Wizara ikatuma wachunguzi, mwalimu mkuu akastaafu mapema. Na nakumbuka vizuri maoni ya mtandaoni wiki zile. Sentensi ilikuwa ileile: hata sisi tulipitia.

Sheria tunazo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, mwilini au akilini, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini kuna mwalimu anayeijua sheria hiyo na bado anatembea na kipande cha mpira wa bomba mkononi. Mtoto wa kidato cha nne anayechapwa asubuhi kwa kuchelewa gwaride anajifunza kwamba mwenye nguvu humsahihisha asiye na nguvu kwa kumuumiza. Jioni anafanya mazoezi.

Sasa, kama mdaiwa ni shule, kuzuia uonevu kunaanzia wapi? Kawaida tunaanza na mgeni. Tunampa nambari ya kupiga, tunamwambia aripoti, tunamwonyesha ofisi ya mwalimu wa ushauri. Ni vizuri. Lakini mgeni hajabeba chochote bado. Wa kushughulikiwa kwanza ni yule aliyekuwa mgeni mwaka jana. Huyo ndiye anayetembea na deni mfukoni akitafuta wa kumlipa.

Muhula wa tatu ukielekea kuisha, shule ingewakalisha hao wa mwaka wa kwanza peke yao, bila viranja, na kuwauliza: mlichukuliwa nini? Waandike bila majina. Mtu mzima asome, kisha arudi mbele yao na majibu. Vitu vilivyoibwa virudishwe. Aliyepiga ajulikane na aadhibiwe kwa njia ya sheria. Na mwalimu mkuu aseme kwa mdomo wake kwamba shule ilishindwa kuwalinda. Najua mnacheka. Walimu wakuu wetu hawaombi watoto msamaha. Lakini gharama yake ni ndogo kuliko bweni jipya.

Kisha kuna watazamaji, wale sabini na tano waliolala huku macho yamefunguka. Ufini wana mpango unaoitwa KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, na wazo lake kubwa ni kwamba mwonevu anatafuta hadhi mbele ya wenzake. Kwa hiyo wanafanya kazi na darasa zima, siyo na mwonevu na mwonewa tu. Sisi hatuhitaji kupanda ndege kuelewa hilo. Kila mtu aliyekuwa bwenini anajua kwamba mono haimbishwi kwenye bweni tupu. Kicheko cha wengine ndicho kinachoendesha mambo.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo unamtetea mkubwa anayepiga, kwa sababu na yeye alipigwa? Hapana. Anayepiga leo anawajibika leo. Mkono ni wake. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na madaftari mawili: lile analodai na lile analodaiwa. Shule ikifungua la pili tu, huku ikijifanya la kwanza halipo, atakubali adhabu yake na kuondoka akiamini kwamba ameonewa tena.

Na kusema ukweli, kuna sehemu ya deni ambayo hakuna shule itakayoilipa. Usingizi haurudishwi. Hapo ndipo panahitaji kitu kigumu: kizazi fulani kikubali hasara. Kidai, kisilipwe chote, na bado kisimdai asiyehusika. Nadhani nafasi ya kuanza ilikuwa mwaka 2025, mwaka ambao hapakuwa na mono. Mnyororo ulikuwa umekatika wenyewe, bila mtu kuinua kidole. Wale walioingia 2024 wamekutana na mgeni wao wa kwanza mwaka huu, wakiwa kidato cha tatu. Sijui ni wangapi kati yao waliulizwa, katika miaka hiyo miwili, walichukuliwa nini.

Nilimpigia binamu yangu kabla hajafunga sanduku. Sikumwambia avumilie. Nilimwambia akiguswa aandike siku, saa na jina, anitafute siku ya kutembelewa, na mimi ndiye nitakayeenda kwa mwalimu mkuu, si yeye. Akasema sawa. Nikamwambia pia kwamba Januari 2027 atakuwa Gredi ya 11, na kutakuwa na mtoto mlangoni na godoro jipya, na mtoto huyo hatakuwa na deni lake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kubeba karanga za kukaanga, maana amesikia huko hazikai.